Aladdin ni wa nani? Jinsi hekaya moja ilivyozaa ukoo mzima wa burudani

Mwishoni mwa mwaka 2018 Waswahili wengi walishtuka kusikia kwamba kampuni ya Disney "inamiliki" maneno hakuna matata. Habari yenyewe haikuwa mpya. Disney iliomba kuyasajili maneno hayo Marekani mwaka 1994, ule ule ilipotoa filamu ya The Lion King, na usajili ukakamilika 2003. Huku kwetu ilikuwa kama imetokea jana. Likaandikwa ombi la kupinga, makumi ya maelfu ya watu wakatia saini, na maswali yakawa mengi. Nikimwambia jirani hakuna matata, nitashitakiwa? Na Jambo Bwana, wimbo wa Them Mushrooms wa mwaka 1982 wenye maneno hayo hayo, hatima yake ni nini?

Jibu ni kwamba hakuna aliyezuiwa kusema wala kuimba. Usajili ule ulihusu kuyatumia maneno hayo kama nembo ya bidhaa kama fulana katika soko la Marekani. Unaweza kuuchukia, na mimi siupendi, lakini haukuifanya lugha yetu iwe ya mtu.

Miezi michache baadaye, Mei 2019, ikatoka filamu mpya ya Aladdin, na mkanganyiko ukarudi kwa sura nyingine. Huyu anasema hadithi ni ya Disney, usiiguse. Yule anasema hapana, ni ya Waarabu, imo katika Alfu Lela Ulela tangu enzi na enzi, Disney wameiiba. Naamini wote wawili wamekosea, na kosa lao linatokana na jambo moja: kudhani kwamba hadithi ni kitu kimoja. Aladdin tunayemjua leo ni tabaka juu ya tabaka, kila tabaka na aliyeliweka, na sheria huyatazama moja moja.

Kwanza tuelewane kwa maneno.

Hakimiliki ni haki ya mtunzi kuamua nani anakili, anachapa au anageuza kazi yake. Haki hiyo ina mwisho. Kwa sheria ya Tanzania Bara ya 1999 na ile ya Kenya ya 2001, hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Marekani, kazi iliyotengenezwa na waajiriwa wa kampuni hulindwa miaka 95 tangu itolewe.

Muda huo ukiisha, kazi huwa mali ya umma. Neno hili hupotosha, maana tukisikia mali ya umma tunafikiria gari la serikali au shirika la reli. Hapa maana yake ni kazi ambayo hakuna mtu wala serikali mwenye haki ya kumzuia mwingine kuitumia. Njia ya kisimani haina hati. Kila mwenye ndoo hupita.

Alama ya biashara ni kitu tofauti kabisa. Ni jina, picha au maneno yanayomwambia mnunuzi bidhaa imetoka kwa nani. Hii inaweza kuhuishwa tena na tena mradi mwenyewe anaendelea kuitumia sokoni.

Na kile ambacho watu wa filamu hukijenga, yaani filamu ya kwanza, ya pili, kipindi cha televisheni, mchezo wa kompyuta, onyesho la jukwaani, mwanasesere, begi la shule, vyote vikibeba majina na sura zile zile, katika makala haya nitakiita ukoo wa burudani. Ni ukoo kwa maana halisi: watoto wengi, damu moja, na mzee mmoja anayeamua nani aolewe na nani.

Anayetaka kuona tofauti ya haya yote kwa macho yake aende Mtaa wa Biashara, Mombasa, akaangalie kanga. Umbo la korosho limechapwa kwenye kanga vizazi na vizazi, na hakuna wa kusema korosho ni yangu. Mchoro mahsusi, jinsi pindo lilivyopangwa na mji ulivyojazwa, una mchoraji wake. Kisha pembeni pana maandishi madogo, K.H.E. Mali ya Abdulla, yanayomwambia mama aliyeshika pesa mkononi kwamba hii ni ile anayoiamini. Korosho ni mali ya umma, mchoro ni hakimiliki, maandishi ya pembeni ni alama ya biashara. Ni kitambaa kimoja, na kimebeba mambo matatu.

Sasa turudi kwa Aladdin, tuanze na korosho yake.

Mfaransa Antoine Galland alianza kuchapa tafsiri yake ya Alfu Lela Ulela mjini Paris mwaka 1704. Alitumia mswada wa Kiarabu kutoka Sham, lakini mswada ule haukuwa na hadithi za kutosha kujaza usiku elfu na moja, na wasomaji walikuwa wakidai zaidi. Mwaka 1709 akakutana na kijana Mkristo wa Kimaroni kutoka Aleppo, mji ambao wenyewe wanauita Halab, aliyefika Paris pamoja na msafiri mmoja wa Kifaransa. Jina lake Hanna Diyab. Kijana alikuwa fundi wa kusimulia. Mwezi Mei mwaka huo Galland aliandika katika shajara yake kwamba Hanna amemsimulia hadithi ya taa. Baadaye mwezi huo huo ikafuata ya Ali Baba. Hadithi ya taa ilichapwa katika juzuu za 9 na 10 za kitabu cha Galland, mwaka 1712. Jina la Hanna halikutajwa.

Hapa ndipo dai la "imo katika Alfu Lela Ulela tangu enzi" linapovunjika. Hakuna mswada wa Kiarabu wa Aladdin uliopatikana ambao ni wa kabla ya Galland. Iliwahi kudhaniwa kwamba ipo miswada miwili, lakini mtaalamu Muhsin Mahdi, aliyechunguza miswada ya kitabu hiki kwa miaka mingi, alionyesha kwamba ni Kifaransa cha Galland kilichorudishwa katika Kiarabu. Kwa hiyo hadithi ni ya Mwarabu wa Sham, ndiyo, lakini ilisimuliwa Paris, ikaandikwa kwa Kifaransa, na huenda ndani yake mna aliyoyaona Hanna mwenyewe. Alifikishwa Versailles mbele ya Mfalme Louis wa 14, na wataalamu wengine wanaona fahari ya jumba lile katika kasri ambalo jini anamjengea Aladdin kwa usiku mmoja. Halafu mandhari yake ni wapi? Mstari wa mwanzo unasema: China. Ni China ya kusimulia tu, yenye Sultani na Waislamu, kama hadithi za bibi zinavyotaja nchi ya mbali bila kumaanisha ramani.

Wengi wetu tumeiona filamu na hatujawahi kukisoma kisa, kwa hiyo nikisimulie kwa ufupi. Aladdin ni mtoto mtundu wa fundi cherehani aitwaye Mustafa. Baba anakufa, mama anabaki akisokota pamba ili wale. Anatokea mchawi kutoka Afrika, upande wa Maghribi, anajifanya ndugu wa marehemu, anamvisha kijana pete na kumshusha pangoni akachukue taa. Kijana anakataa kuitoa taa kabla ya kutolewa yeye, mchawi anakasirika, anamfungia. Aliyemtoa mle ni jini wa pete. Ndiyo, majini ni wawili. Na hakuna hesabu ya maombi matatu. Anayeishika taa anaomba hadi achoke. Jini hana kiu ya uhuru, hachekeshi, na ukimwona unazimia. Msomaji wa pwani, ambaye jini kwake ni jambo la kusemewa chini chini, angemwelewa huyu wa Hanna kuliko yule wa katuni.

Zulia linaloruka? Halimo. Limetoka hadithi nyingine ya Hanna, ya Mwanamfalme Ahmed. Binti Sultani haitwi Jasmine bali Badr al-Budur. Jafar naye hayumo, na jina hilo lina dhuluma ndani yake, maana Jafar wa kweli, wa ukoo wa Barmaki, alikuwa waziri wa Harun al-Rashid huko Baghdad na aliuawa kwa amri ya khalifa huyo mwaka 803. Katika hadithi za Alfu Lela Ulela ni msaidizi mwaminifu anayezunguka mjini usiku na bwana wake. Leo ukimtajia mtoto jina la Jafar anamwona mtu mwembamba mwenye fimbo ya nyoka.

Lakini ninayemlilia zaidi ni mama. Katika kisa cha Hanna, mtu wa kwanza kusugua taa ni yeye: anaisafisha ili iuzwe, wapate chakula, na jini anapotokea anaanguka. Baadaye ni mama huyu, mjane asiye na kitu, anayekwenda barazani kwa Sultani siku baada ya siku na bakuli la vito amelifunika kitambaa, akisubiri aonwe ili amposee mwanawe. Kwa aliyewahi kushuhudia mama wa Kiswahili akienda kuposa nyumba ya wakubwa, hapo ndipo moyo wa hadithi ulipo. Kwenye filamu ya 1992 mama hayupo kabisa.

Alipotelea wapi? Kwa kulijibu hilo tutaona jinsi ukoo wa burudani unavyotengenezwa.

Hadithi ilivuka kwenda London mapema. Mwaka 1788 iliwekwa jukwaani Covent Garden, na kwa muda mrefu Waingereza wakawa wanaicheza kama mchezo wa kuchekesha wa msimu wa Krismasi, wakibakiza China. Mwaka 1861 mwandishi H. J. Byron akambatiza mama jina la Widow Twankey, kutokana na aina ya majani ya chai ya China, na hadi leo nafasi yake huchezwa na mwanamume aliyevaa gauni. Mjane wa Hanna akawa kichekesho, lakini alau alibaki jukwaani.

Kisha ikaja sinema. Mwaka 1924 Douglas Fairbanks alicheza mwizi mwungwana wa Baghdad, juu ya zulia linaloruka. Mwaka 1940 filamu nyingine yenye jina hilo hilo, The Thief of Bagdad, ikatuletea mwizi mdogo aitwaye Abu, Sultani anayependa vitu vya kuchezea, na waziri mwovu aitwaye Jaffar. Hakuna kati ya hizo iliyojiita Aladdin. Lakini ukizijua, ukatazama katuni ya Disney, unaona jamaa zake wote wameketi mle. Yaani kabla Disney haijagusa kalamu, yule kijana wa China alikuwa ameshahamishiwa Uarabuni na kupewa zulia na waziri mwovu, bila mtu mmoja kuamua.

Mtunzi wa nyimbo Howard Ashman ndiye aliyependekeza Aladdin kwa Disney mwishoni mwa miaka ya 1980. Katika rasimu zake mama alikuwemo, na Ashman alimwandikia Aladdin wimbo wa kumwahidi mama kwamba siku moja atajivunia mwanawe. Ashman alifariki Machi 1991. Mwaka huo huo wakuu wa studio waliikataa rasimu iliyokuwepo, waongozaji Ron Clements na John Musker wakaanza upya, na mama akafutwa pamoja na wimbo wake. Mji nao ukabadilika. Ulikuwa Baghdad, vita vya Ghuba vya 1991 vikaufanya mji huo uwe mgumu kuuza kama ndoto, wakabuni jina Agrabah.

Tulia hapo kwenye Agrabah, maana ndipo siri ya ukoo ilipo. Baghdad ni ya kila mtu. Agrabah ni ya Disney. Kila mahali ambapo kitu cha wote kiliondolewa na cha kubuni kikawekwa, kampuni ilipata kitu inachoweza kukilinda: Jasmine badala ya Badr al-Budur, nyani, kasuku, zulia lenye tabia ya mtu, jini wa bluu mwenye sura na sauti ya mchekeshaji Robin Williams. Sidhani kwamba wasanii walikaa na wanasheria wakipiga hesabu hizo. Walitafuta hadithi nzuri. Ila matokeo yake kisheria ni hayo.

Filamu ilitoka Novemba 1992, ikaingiza takriban dola milioni 504 duniani, kuliko nyingine yoyote ya mwaka huo, na kushinda tuzo mbili za Oscar, zote za muziki. Haikukosa lawama. Wimbo wa ufunguzi ulikuwa na mstari uliosema kwamba huko ugenini watu hukata sikio la mtu wasiyempenda uso. Jumuiya ya Wamarekani wenye asili ya Kiarabu ikalalamika, na mwaka 1993 maneno hayo yakabadilishwa kwa matoleo ya video. Naye Williams aligombana na studio. Alikuwa amekubali malipo ya kima cha chini kwa sharti kwamba sauti yake isitumike kuuzia bidhaa, na akaona sharti limevunjwa. Ugomvi huo unaonyesha kwamba hata sauti ya mtu ni tabaka lenye mwenyewe.

Watoto wa ukoo wakaanza kuzaliwa. Mwaka 1994 ilitoka The Return of Jafar, iliyokwenda moja kwa moja kwenye kaseti za video bila kupitia sinema, ya kwanza ya aina yake kwa Disney. Williams alikataa kushiriki, jini akapewa sauti ya mtu mwingine, na kaseti ikauzwa sana hata hivyo. Studio ilijifunza kwamba familia iliyompenda jini italipia tena kumwona sebuleni, kwa filamu ya gharama ndogo, na kwa miaka mingi baadaye ikazitolea hadithi zake nyingine kaseti za namna hiyo. Mwaka huo huo kikaanza kipindi cha televisheni. Williams, akishaombwa radhi hadharani, alirudi katika filamu ya tatu ya 1996. Michezo ya kompyuta ilikuwa madukani tangu 1993. Mwaka 2001 bustani ya burudani ya Disney huko Florida ilipata mazulia ya kuwazungusha watoto hewani, na Tokyo ikajengewa kona nzima ya Uarabuni katika bustani mpya ya DisneySea. Jasmine akaunganishwa na Cinderella na wenzake kwenye kundi la mabinti wa kifalme, kundi lililobuniwa kwa ajili ya nguo na vifaa vya kuchezea. Mwaka 2014 hadithi ikafika kwenye majukwaa ya Broadway, New York, na pale wimbo wa Ashman kwa mama ukarudishwa. Mama mwenyewe hakurudi. Katika mchezo huo ameshakufa. Na ile ya waigizaji halisi ya 2019, Will Smith akiwa jini, ikaingiza zaidi ya dola bilioni moja.

Ninayasimulia haya ili ionekane kwamba kinachozaa si hadithi yenyewe. Ingekuwa hivyo, kila aliyemgusa Aladdin angetajirika. Mwaka 2009 Bollywood ilitoa Aladin yake, Amitabh Bachchan akicheza jini, na haikuhitaji ruhusa ya Disney hata chembe. Ni filamu ile moja tu, haikuanzisha ukoo. Ukoo unataka sura ambayo mtoto ataitambua kwenye chupa ya maji akiwa mbali, nyimbo anazoweza kuziimba bila filamu, na kampuni yenye milango yote mikononi mwake: studio, televisheni, bustani, duka.

Basi wewe mwandishi wa Tanga au mchoraji wa Nairobi unaruhusiwa nini? Unaruhusiwa Aladdin wote wa Hanna na Galland. Chukua taa, pete, majini wawili, China, mama mjane, Badr al-Budur, mchawi wa Maghribi, hata kile kipande ambacho kasri zima linabebwa na kutuliwa Afrika. Andika, chapa, uza. Jina Aladdin ni halali kwenye kitabu chako. Usichoruhusiwa ni kumchora yule jini wa Disney ukabadilisha kilemba, kumwita binti Jasmine na kumvisha nguo zile zile, kuupanga mji uitwe Agrabah. Rangi ya bluu peke yake haina mwenyewe; tatizo ni rangi ile pamoja na uso ule, mwili wa moshi na ucheshi ule. Filamu ya 1992 italindwa Marekani hadi mwisho wa 2087.

Huwa naulizwa kuhusu keki za sikukuu ya kuzaliwa zenye picha ya Jasmine, na fulana za Kariakoo. Kwa sheria, picha ile ni ya kampuni, na kuiuza bila ruhusa ni kosa. Kwamba hakuna aliyekuja kukukamata ni suala la umbali na gharama, lisikufanye udhani ni ruhusa.

Wengine huuliza kinyume chake: je, hekaya zetu nazo zinaweza kuchukuliwa hivi? Kisa cha paa aliyemtajirisha bwana wake masikini, kilichosimuliwa Unguja na kuchapwa London na Edward Steere mwaka 1870, kiko wazi kwa yeyote. Kenya ilipitisha sheria ya kulinda maarifa na sanaa za jadi mwaka 2016, lakini nguvu ya sheria ya Kenya inaishia mipaka ya Kenya. Studio ya ng'ambo inaweza kumchukua yule paa kesho, ikampa jina jipya na macho makubwa, na jina hilo na macho hayo yakawa yake. Paa wa Unguja atabaki wetu, kama Aladdin wa Hanna alivyobaki wa wote. Swali ni nani atamfanyia kazi kwanza.

Hanna Diyab aliondoka Paris bila kupata nafasi aliyoahidiwa katika maktaba ya mfalme. Alirudi Aleppo, akawa muuza vitambaa sokoni. Akiwa mzee, katika miaka ya 1760, aliandika kumbukumbu za safari yake, na mswada huo ukaishia katika maktaba ya Vatican. Zilipita zaidi ya karne mbili kabla wasomi hawajamtambua mwandishi wake. Ulitoka kwa Kifaransa mwaka 2015. Amesimulia kwa kirefu baridi kali ya Paris, jumba la Versailles, na wanyama wadogo warukao ambao yeye na mwenzake walimpelekea mfalme. Hadithi alizompa Galland zimepata mistari michache tu: palikuwa na mzee aliyekuwa akitafsiri kitabu cha usiku elfu na moja, kitabu kilipungukiwa nyusiku kadhaa, akamsimulia alizozijua, na mzee akafurahi sana.